Masharti Mawili Yanayogombana

...hakuna jibu, basi, maneno mawili tu, na ni Gentrix mwenyewe aliyeyaandika ndani ya programu yake ya kutafuta mpango unaotimiza masharti yote, miaka miwili iliyopita, akidhani yanatosha, sasa yanamkodolea macho kutoka kwenye kompyuta iliyowekwa mezani kando ya mzani, hapa kwenye kituo cha majani chai nje ya Ogembo, saa tisa alasiri, lori halijaja, mama yake Syprose ameketi na wenzake karibu na magunia yanayoanza kupata joto, jana majani yao yaliharibika yakamwagwa, yote, siku nzima ya kuinama shambani... "Kwa hivyo imekataa?" anauliza karani Manasseh, aliyempa vituo kumi na kimoja, lori moja na masharti manne, tani saba zisizidi, daraja bovu lisipitwe, majani yasikae zaidi ya saa nne, dereva arudi kabla ya saa kumi na mbili, naye anamjibu, "Ngoja kidogo," ingawa hajui wangoje nini, programu ni ya bure, msimbo wake uko wazi, watu asiowajua wameuchukua wakaurekebisha, fundi mmoja wa kuchonga mawe huko Tabaka huitumia kupanga atakavyopasua jiwe lisipotee bure, na wangapi wameona maneno hayo wakafunga kompyuta, kama yeye kidato cha tatu, mwalimu akiitazama hesabu yake ubaoni, kosa, keti, bila kumwonyesha kosa liko mstari gani... mstari gani, eh, mstari gani, mbona hakuliona hili, si lazima yote manne yawe mabaya, anaondoa la tani, hakuna jibu, analirudisha, anaondoa la daraja, hakuna... "Unafanya nini?" "Natafuta mkorofi," anaondoa la saa nne, jibu linakuja, lakini hilo haliguswi, majani yataoza, analirudisha, anaondoa la dereva, na ratiba inajaa kwenye skrini, safari mbili, vituo vyote. "Manasseh, ni hili la dereva, linagombana na la saa nne." Karani anakuna kichwa. "Hilo? Hilo niliandika kwa mazoea tu. Dereva tutaongea naye." Mama anauliza kwa mbali kama lori limeonekana, bado, barabara tupu, lakini vidole vya Gentrix vimeshaanza kuandika sehemu mpya ya programu, itakayoyataja masharti yanayogombana kwa maneno ya mwenye shida mwenyewe, na leo leo ataiweka mtandaoni, kabla hata ya kula, iwe ya yeyote aliyekwama popote alipo...