Kichwa Upande wa Kulia

Mashine za kukereza chuma, popote utakapokwenda, zina kichwa upande wa kushoto wa fundi. Kichwa ndicho kinachokamata chuma na kukizungusha, na kisu husukumwa kwa mkono wa kulia. Kampuni moja tu ilitengeneza zake kinyume, tena bila kuomba radhi kwa miaka sitini. Ilianzia kwenye banda la mabati ikafikisha viwanda vinne, na kila aliyeuliza sababu ya ukinyume ule alijibiwa kwa uso mkavu kwamba mwanzilishi, Babu, alikuwa mashoto, tena mhandisi aliyeona mbali.

Basi tuseme aliona mbali, maana fundi akishazizoea mashine zile, za wengine zilimshinda. Akizigusa tu anaharibu chuma. Bosi wake hana la kufanya ila kurudi kwa Babu kununua nyingine, huku akilaani njia nzima. Wateja hawakuipenda kampuni, walishindwa tu kuachana nayo. Familia ikauita huo uaminifu, ikauandika kwenye kalenda.

Ubaya ni kwamba familia iliiamini hadithi yake yenyewe. Mtoto akizaliwa, walimtazama mkono kabla ya sura. Akitimiza miaka kumi na tano, aliketishwa kwenye meza ya Babu mbele ya ukoo mzima, achore duara kwa mkono wa kushoto bila kuinua penseli. Duara likitoka zuri, njia ya chumba cha michoro imefunguka. Likitoka baya, atatafutiwa kazi ya kuwachekea wageni.

La Penseli lilitoka kama kiazi kilichokanyagwa. Huyu alikuwa mjukuu wa Babu, binti wa mtoto wake wa mwisho, na jina hilo alilipata kwa kuwa penseli haikumtoka sikioni. Walimpeleka idara ya matangazo. Lakini mkono wake wa kulia ulichora gia na ekseli kiasi kwamba wachoraji wenyewe walimfuata kwa siri kumuuliza mambo, wakijifanya wamekuja kuomba kalenda. Baada ya miaka kadhaa mkuu wa michoro alikuwa anastaafu, na Penseli alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote.

Alikwenda kumwomba Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Baba Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba mkono wa kulia hauingii chumba cha michoro. Ila angempa heshima nyingine: aandike kitabu cha historia ya kampuni. Ijumaa baraza la familia lingekutana kumchagua mkuu mpya, naye angewasomea sura ya kwanza wakati wakisubiri chai.

Penseli aliingia stoo ya nyaraka amefura kama andazi. Alitaka mchoro wa mashine ya kwanza kwa ajili ya jalada, akaukuta umeviringishwa ndani ya mkebe wa grisi. Ilikuwa karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga. Akaikunjua. Maneno yalisomeka vizuri, na kichwa cha mashine kilikuwa kushoto, kama cha mashine za watu wote.

Akaigeuza. Maneno yakawa kinyume, kichwa kikawa kulia. Na huko nyuma, kando ya kila kipande, kulikuwa na tiki ya penseli nyekundu na alama ya dole gumba lenye grisi.

Alikaa juu ya debe akacheka mpaka machozi yakamtoka. Babu hakujua kusoma. Nyumbani wote walilijua hilo na hakuna aliyelitamka. Mchoro alichorewa na mtu, vipimo akavikariri, kisha akaitandaza karatasi kifudifudi na kuanza kazi. Kwa asiyesoma, herufi hazina mbele wala nyuma. Mashine ikatoka kinyume, mteja wa kwanza akauliza kulikoni, na Babu, kuliko kusema nimekosea, akajidai mashoto, akahamishia kijiko mkono wa kushoto. Akala hivyo mpaka anaingia kaburini. Kisha Penseli akakikumbuka kile kiazi chake, na jinsi ukoo mzima ulivyokitazama, na kicheko kikakatika.

Ijumaa asubuhi hakuja na sura yoyote. Aliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha la ukumbi, jua likapenya, akawaeleza. Shangazi, katibu wa baraza, alisema huenda Babu alifanya makusudi. Penseli akamwonyesha tiki, moja baada ya nyingine, zote mgongoni mwa karatasi. Binamu mmoja akapendekeza mchoro uchomwe. Mwingine akauliza kwa hofu kama sasa itabidi wazigeuze mashine zote.

"Mashine ziacheni zilivyo," Penseli alisema. "Wateja tumeshawaharibu. Mimi nataka kiti."

Baba Mkubwa aliinuka, akaenda dirishani, akaigusa tiki moja nyekundu kwa kidole.

"Baba alinifunga mkono huu kwa kamba ya kiatu," alisema, akauinua wa kulia. "Kwenye mguu wa kiti, kila tukila. Nilikuwa na miaka minne."

Hakuna aliyekuwa akijua. Hata Shangazi, mdogo wake aliyelelewa nyumba ile ile, hakujua; aliinamisha macho mezani. Penseli alikuwa amekuja kushinda, akajikuta anamwonea huruma mzee yule, na kicheko cha kule stoo kikamtia aibu.

Baba Mkubwa akarudi kitini, akaivuta barua ya uteuzi iliyokuwa ikisubiri jina. Akaishika kalamu kwa mkono wa kulia. Aliandika jina la Penseli, kisha akatia saini, na ilichukua muda mrefu. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda mlima, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Shangazi akaitazama barua, akasema taratibu, "Kaka, saini hii haifanani na yako."

"Ndiyo yangu," alisema Baba Mkubwa, akaomba karatasi nyingine ajaribu tena.