Mji wa Neno Moja

Mwajabu hakuwa mtu wa kulala mchana, lakini siku ile alirudi kutoka kikao cha ukoo akiwa mzito wa moyo kama aliyetoka msibani. Alikuwa fundi cherehani wa Usangi, kule milima ya Upare, na kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyesimamia jiko la mkutano wa ukoo wao kila Desemba. Baba yake alikuwa Mwislamu na mama yake Mlutheri. Yeye alishika dini ya baba, na mdogo wake Elinihaki, aliyelelewa kwa babu mzaa mama, alishika ya mama hata akawa mzee wa kanisa. Hilo halikuwahi kuwatenganisha. Sasa, mbele ya ukoo mzima, Elinihaki alisimama akapendekeza majiko yawe mawili na maturubai mawili, Waislamu kwao na Wakristo kwao, na wengi wakaafiki. Mwajabu akainuka akaondoka. Alifika nyumbani, akaswali adhuhuri, akajinyoosha pale pale juu ya mkeka, na usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko njiani katika nchi asiyoijua, akielekea mji uliojengwa kilimani. Langoni alisimama mlinzi mwembamba, macho hayapepesi, jina lake Hofu, naye alimwuliza kila mgeni yeye ni nani. Mwajabu akaanza kueleza kwamba ni Mpare, ni Mwislamu, ni fundi, ni dada wa mzee wa kanisa. Hofu akamkatiza. "Katika mji huu mtu huingia na neno moja tu. Mengine yaache hapa nje." Akachagua Mwislamu, kwa kuwa ndilo alilolipenda kuliko yote, akapita. Ndani alipokelewa na Kiburi, bwana mtanashati anayenukia marashi, ambaye alimwingiza katika mtaa wa watu wa neno lake na kumpongeza kwamba sasa yuko na walio safi. Mwanzoni ilikuwa raha. Lakini mtaani mle aliishi pia mwanamke aitwaye Shaka, aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ameswali wapi, nani amesomeshwa na sheikh gani, nani ana ndugu upande wa pili. Na kila alipouliza, ukuta mpya uliinuka. Mtaa ukawa uchochoro, uchochoro ukawa mwanya, hata Mwajabu akajikuta amebanwa mabega na kuta mbili, peke yake, neno lake lingali kinywani na hakuna wa kumwambia.

Hapo akasikia mtu akimwita kwa jina. Alikuwa mwanamama mwenye miguu ya vumbi, akajitambulisha kuwa ndiye Insafu, yaani uadilifu, akamshika mkono na kumvuta hadi wakatokea kwenye bonde pana lenye mashamba. Kule watu walikuwa wakibishana juu ya mipaka na zamu za maji ya mfereji, tena kwa sauti za juu, lakini hakuna aliyemwinulia mwenzake mkono, na walipomaliza kubishana waliazimana majembe. Katikati yao mama mmoja mrefu alikuwa akipalilia shamba lake bila haraka. Insafu akasema huyo ndiye Imani. Mwajabu alishangaa, maana siku zote alidhani Imani ndiye mwenye ule mji wa kuta, na hakuficha alichodhani.

"Mwanangu, mimi sijawahi kuomba ukuta," Imani akajibu. "Hofu ndiye aliyezijenga kuta zile, kisha akaandika jina langu juu yake."

Mwajabu akauliza kama basi inawapasa watu wachanganye dini zao, waombe ombi moja, ili pasiwe na ugomvi. Imani akatikisa kichwa. "Wewe swali swala yako kamili, na nduguyo asali yake kamili. Nusu kwa nusu haijengi undugu. Undugu hujengwa na mtu anayeuliza kabla ya kuhukumu."

Maneno hayo yalimchoma Mwajabu, naye hakujua kwa nini. Insafu akamrudisha hadi langoni ili amwonyeshe ukuta wa kwanza kabisa wa mji ule. Kumbe haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa kitambaa, umeshonwa, na Mwajabu akautambua mshono: ulikuwa wa mkono wake. Ndipo alipoikumbuka sherehe ya kipaimara ya binti wa Elinihaki, mwaka uliopita, alipokwenda na hotipoti lake mwenyewe, akalifungua mbele ya wageni na kula peke yake, sahani aliyopakuliwa na wifi yake Naelijwa akiisogeza kando bila kuigusa. Hakuuliza nyama imechinjwa na nani. Alidhani tu kwamba si halali. Insafu hakumkemea. Alimwuliza taratibu nani aliyeanzisha majiko mawili, na Mwajabu akazinduka.

Jua lilikuwa bado kali dirishani. Alikaa juu ya mkeka, na hakuhitaji mtu wa kumfasiria ndoto. Tangu kikaoni alijihesabu kuwa ndiye aliyekosewa. Sasa aliona kwamba mdogo wake alisema kwa mdomo kile ambacho yeye alikuwa amekwisha kukitenda mbele za watu. Akajitanda khanga, akashika njia.

Elinihaki alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Alimwamkia shikamoo kwa ubaridi. Mwajabu akaitikia, akaomba wifi yake aitwe, akawaambia wote wawili kwamba siku ya kipaimara aliwaaibisha nyumbani mwao, na amekuja kuomba radhi.

Elinihaki akauweka mpini chini. "Dada, alfajiri ya siku ile nilikwenda mwenyewe msikitini kumleta Mzee Kibacha aje achinje," alisema. "Nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nilikuwa nangoja uulize."

"Sikuuliza, mdogo wangu. Nisamehe."

Aliyelia kwanza ni Naelijwa. Kisha akaingia jikoni, akatoka na bakuli la makande na vijiko vitatu, wakala bila maneno mengi. Kabla jua halijazama ndugu wale wawili walikuwa kwa mwenyekiti wa ukoo, na Elinihaki akaliondoa pendekezo lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Desemba likawaka jiko moja. Chakula kilipoandaliwa, sheikh aliomba dua yake yote, kisha mchungaji akaomba sala yake yote, na hakuna aliyefupisha. Wali ulipoa kidogo. Ukaliwa wote.