Nisomee Tena, Afande

Redio iliposema habari za asubuhi, Bibi Sindano aliitikia. "Njema, baba. Sijui ninyi huko." Ilikuwa sauti ya kwanza kumsemesha tangu juzi. Alikuwa ameketi mlangoni akishona foronya, na watu wakimpita kana kwamba mlango ule haukuwa na mtu. Bombani nako, akifika na ndoo yake mazungumzo yalikatika. Akiondoka yalianza tena.

Hakuwalaumu. Mwaka uliopita pampu ya maji ya mtaa iliibwa alfajiri, na askari wa wakati huo akamwita atoe maelezo. Alisema alichokiona: fundi baiskeli, kijana wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipita asubuhi ile na baiskeli yake kama siku zote. Askari akaandika, akamkamata dole gumba, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Hakumsomea. Maneno yale aliyasikia mahakamani kwa mara ya kwanza: eti alimwona fundi akitoka kwenye kibanda cha pampu, amebeba mzigo mzito. Hakimu akamuuliza kama alama ile ya kidole ni yake. Akasema ndiyo, ni yangu, akarudi kukaa. Fundi akafungwa miaka mitatu.

Tangu siku hiyo jirani huyo, mama wa fundi, ambaye walikuwa wakiazimana naye chumvi na kupeana siri, hakumpa hata salamu.

Asubuhi hiyo ya foronya, askari mpya wa kituo, mwanamke kijana, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Bibi Sindano aliisikia milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, mpaka hodi ikafika kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeleta pingu au umeleta miguu?"

"Miguu tu. Na kiu."

Askari alivua kofia kabla ya kuvuka kizingiti. Bibi aliliona hilo. Akatoa kikombe cha pili, kile alichokuwa akikiosha kila siku ingawa hakuna aliyekitumia. Askari alikunywa maji yote, akakisuuza kikombe mwenyewe. Hilo nalo Bibi aliliona.

"Mtaa huu mbona wananikimbia hivi?" askari akauliza.

"Wanaogopa karatasi zenu, mwanangu. Unaingia na maneno yako, yanatoka ya mtu mwingine."

"Yalikukuta wewe?"

Bibi Sindano alitafuta tundu la sindano kwa muda mrefu. Kisha akamweleza yote.

Kesho yake alivaa gauni lake la kwendea mazishini, akaenda kituoni. Askari aliandika polepole, akageuza karatasi, akaanza kumsomea.

"'Nilimwona akipita na baiskeli saa moja asubuhi.'"

"Saa moja umeitoa wapi? Mimi sina saa. Nilisema redio ilikuwa haijasoma habari."

Askari akakata mstari, akaandika upya, akatia sahihi pembeni. Akasoma toka mwanzo. Bibi akarekebisha neno jingine. Akasoma tena.

"Nirudie, bibi?"

"Rudia. Bado sijashiba."

Askari akacheka, akarudia. Kisha akaiweka kalamu chini. "Siwezi kukuahidi kitu. Hii itakwenda kwenye rufaa ya huyo fundi, wataamua wao. Na watakuuliza kwa nini ulinyamaza mahakamani. Hata wewe unaweza kupata matatizo."

"Basi andika na hilo. Andika kwamba niliogopa."

Likaandikwa, likasomwa. Askari akamsogezea wino, akarudisha mikono yake mwenyewe mapajani, akangoja. Bibi Sindano aliliangalia gumba lake lililokomazwa na sindano, akaliweka mwenyewe.

Aliporudi alibisha kwa mama wa fundi. Hakufunguliwa. Akasema na ubao wa mlango: "Nimekwenda kusema nilichokiona. Na kwamba niliogopa. Ni hilo tu." Ndani kulikuwa na mlio wa kijiko kikikoroga, kikasimama. Alingoja mpaka miguu ikamuuma, akaenda kwake.

Siku tatu zikapita. Redio ilimsalimu, akaitikia. Akaosha vikombe viwili.

Siku ya nne kivuli kikaangukia foronya yake. Mama wa fundi alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga mtandio kwa nguvu.

"Huyo askari wako. Ni kweli anasoma?"

"Mpaka mwisho. Ukikataa neno, analikata."

"Alfajiri ile mwanangu alikuwa kwangu, anaziba bati linalovuja. Alipomaliza ndipo akapita kwako." Aliukaza tena mtandio. "Sikwenda kusema. Niliona wataandika wanavyotaka, wanifunge na mimi."

Bibi Sindano alichomeka sindano kwenye foronya. Ndoo ya mtu ilipita ikigongagonga, ikaenda zake.

"Na kusoma sijui," mama wa fundi akasema.

"Najua."

"Na sijakusamehe."

"Hilo pia najua. Ngoja nivae viatu."

Wakatoka. Mama wa fundi alitangulia hatua tano mbele, na Bibi Sindano akafuata na magoti yake mabovu. Watu wa bombani wakanyamaza, wakawatazama. Mbele yao kulikuwa na dimbwi kubwa lenye jiwe moja tu la kukanyagia. Mama wa fundi akavuka. Kisha akasimama ng'ambo, amewapa wote kisogo, akangoja.