Mkwe Wangu Alipofumba Macho

Mwaka ule wa 1984, pale hospitali ya Kolwezi, nilikaa karibu na mlango, nimekipa kitanda mgongo. Tshilombo alikuwa mume wa binti yangu, na kwetu Waluba mkwe hamtazami mama wa mke wake, wala hamgusi. Lakini nani mwingine angemlinda? Binti yangu Mbelu alikuwa amejifungua juzi, na mama yake Tshilombo alikuwa bado kwenye treni kutoka Mutshatsha.

Jiwe la mgodini lilimpiga kichwani. Daktari alimtoboa fuvu, damu ikatoka, na saa nne asubuhi Tshilombo aliamka akaomba maji.

Kila saa muuguzi Kadija alikuja na karatasi yake, aandike mambo matatu: kama mgonjwa anafungua macho, anasema, anasogeza mikono. Binti mwema, alinigawia chai yake mwenyewe.

Saa tano akaita, "Tata Tshilombo! Fungula macho!"

Akaita tena, kisha akanigeukia.

"Saa ine alifungula. Sasa juu ya nini anakatala?"

"Sasa anajua mi niko hapa, iko na haya juu yangu, mwanangu," nikamwambia. "Mi ni mama ya mke wake."

Akacheka. "Ninyi Baluba ya Kasai na heshima yenu! Hata mugonjwa?"

"Hata maiti," nikasema, na neno lile likanichoma mdomoni.

Kadija, mtu wa Kindu, hakujua desturi zetu. Akaniamini, akaandika vilevile kama saa nne.

Saa sita Tshilombo hakuitika jina lake. Nikasema tena ni haya. Kadija aliinua kalamu, akaishusha bila kuandika, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine.

Ndipo Tshilombo akaanza kukoroma, mkoromo mzito, wenye kukatika. Nikageuka. Nikamshika mkono. Kama angekuwa macho, angeuvuta kama aliyegusa moto.

Mkono ukabaki mkononi mwangu. Nikaubana. Ukabaki.

"Kadija! Mwanangu, kimbia! Haiko haya!"

Akaja mbio, akammulika machoni kwa tochi. Mboni moja ilikuwa ndogo, ya pili imepanuka kama kifungo cha koti.

Daktari alipofika aliuliza, "Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tano, Dokta. Mi niliandika mubaya."

"Hapana," nikasema, "mi ndiye nilimudanganya."

"Damu imerudi kichwani," daktari akasema, akaita wasaidizi. Walikisukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji. Nilitembea kando, nimemshika mkwe wangu mkono mbele ya watu wote, nikingoja auvute. Tulifika mlangoni bado nimemshika.