Jike la Kijivu Lililomtoa Mwamuzi Uwanjani

Asubuhi ile Leocádia aliingia uwanja wa maonyesho wa Santo Elói kofia kaivaa mbele nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwamuzi wa farasi haambiwi kofia yake imekaaje. Yeye ndiye anayewaambia watu migongo ya farasi wao imekaaje, tena kwenye kipaza sauti, ukoo mzima wa mwenye farasi ukisikiliza.

Isitoshe, alikuwa akiimba. Msaidizi wake Osmundo, mtu mkavu kama kuni za Julai, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Dada, umekunywa?"

"Kahawa tu. Na mikate ya jibini."

"Basi una homa."

Homa alikuwa nayo, ila si ile ya kupimiwa hospitali. Jana jioni, kwenye dansi ya kufungua maonyesho, bwana mmoja mwenye mvi pembeni mwa masikio alimwomba wimbo mmoja tu. Wakacheza mpaka mpiga kodiani akaomba maji. Leocádia alikuwa mjane wa siku nyingi, mama wa watoto waliokwisha kuoa, mwenye goti bovu lililokuwa likimsumbua kila ngazi. Lakini jana goti lile lilifyata mkia. Bwana alisema anaitwa Evilásio. Hawakuzungumzia farasi hata mara moja, jambo ambalo katika milima ile ya Minas, kwenye wafuga farasi kila nyumba, ni muujiza mtupu.

Kundi la kwanza lilikuwa la majike yaliyokomaa. Yaliingia bila matandiko, yakavutwa kwa kamba na kupangwa mstari kwenye vumbi jekundu. Hawa ni farasi wa marcha, wenye mwendo laini usiomrusha mpandaji. Lakini kabla mwamuzi hajapanda kuuonja mwendo huo, sharti kwanza alikague umbo: shingo, mabega, mgongo, miguu, mpaka kwato.

Jike la kwanza akalimaliza vizuri. La pili lilikuwa la Bi Jurema, mama mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na lilikuwa limesimama kama limechorwa. La tatu lilikuwa la kijivu. Leocádia akaweka kiganja begani mwa farasi, akainua macho amtazame mshika kamba, kumbe ni yule bwana wa dansi.

"Wewe ndiye mwamuzi?" akanong'ona Evilásio.

"Wewe ndiye mwenye jike?"

"Toba! Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Na kofia umeigeuza."

Kicheko kikampanda kutoka tumboni. Akakimeza. Kikarudi na wenzake. Akajitia kukagua kwa bidii: shingo ndefu, nzuri. Bega limelala vizuri. Mgongo, mashallah. Akazunguka nyuma, na hapo akaona vifundo vya miguu ya nyuma vimeingiana, kasoro ya wazi kabisa, ambayo siku nyingine angeitaja bila huruma. Leo akaiona inapendeza. Aliona kama vifundo vile vinanong'onezana siri.

Ndipo alipojua kwamba ameharibikiwa. Mwamuzi akiona kasoro inapendeza, na aache kazi.

Akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu wa Santo Elói," akasema, sauti ikimtetemeka kwa kucheka, "jana nilicheza dansi na mwenye jike hili. Sikumjua ni nani. Sasa siwezi kulihukumu, maana hata kasoro zake nazipenda."

Uwanja ukalipuka. Kofia zikarushwa. Farasi wawili wakashtuka wakazunguka na washika kamba wao kama pia.

"Ulicheza nyimbo ngapi, shemeji?" Bi Jurema akapaza sauti.

"Sikuhesabu!"

"Hukuhesabu? Basi hufai kabisa! Toka, mpe Osmundo!"

"Shemeji toka! Shemeji toka!" watu wakaitikia wakipiga makofi, na Evilásio, mzee mzima, akaficha uso kwenye manyoya ya shingo ya farasi wake.

Osmundo hakuwahi kuongoza hukumu hata siku moja. Alipokea kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa watu. Leocádia akapanda uzio, akakaa katikati ya watazamaji, na mama mmoja akamjazia karanga mkononi ili apate cha kuzibia mdomo.

Osmundo akakagua taratibu, kila mguu, kila kwato. Majike yakatandikwa, akayapanda moja baada ya jingine. Alipofika kwa lile la kijivu, jike likaondoka kama maji yanayoteleza juu ya jiwe. Osmundo akazunguka uwanja mara moja. Akazunguka tena. Mara ya tatu akaonekana anatabasamu, na watu wa Santo Elói, ambao hawakuwa wamewahi kuyaona meno yake, wakapagawa.

"Shuka, mzee! Si lako hilo!"

Alishuka shingo upande. Akatangaza: kwa mwendo, la kijivu halina mpinzani, ila kwa umbo, miguu ya nyuma imeliangusha. La kwanza ni la Bi Jurema, la pili la Evilásio. Bi Jurema akamkimbilia Osmundo na kumbusu kwenye upara mbele ya umati.

Evilásio akaja mpaka kwenye uzio, jike likimfuata nyuma.

"Niambie kweli. Wewe ungeliweka nafasi ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu! Baada ya dansi yote ile?"

"Miguu yake ya nyuma inapeana mikono, Evilásio!"

Evilásio akacheka mpaka akaegemea shingo ya farasi. "Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Na bibi yake pia."

"Na mchana kuna madume. Usiniambie umeleta dume."

"Nimeleta."

"Ole wangu! Nitakuja kufukuzwa kazi."

"Nilirudishe nyumbani?"

"Thubutu! Mwache Osmundo afaidi." Akayatupa maganda ya karanga. "Ila hili nataka kulipanda. Sasa hivi."

Akashuka uzioni, na Evilásio akaunganisha viganja, akamwinua. Leocádia akakaa, akakusanya hatamu, na jike likatoka langoni likashika njia ya mikalitusi, na waliobaki nyuma wakasikia mwamuzi wao akipiga kelele za furaha mpaka kwenye kona ya kisima.