Vipande vya Mkate vya Bibi Damari

Tangu Ijumaa Manase, mkewe Eliana na mama yake, Bibi Damari, walikuwa Singida mjini kwa Mathayo, mdogo wake Manase. Tangu serikali ilipofungulia watu biashara, Mathayo alikuwa akiuza redio na sufuria sokoni, na sasa sebuleni kwake kulikuwa na makochi ambayo wageni waliogopa kuyaegemea. Jumamosi aliwatembeza hadi Ziwa Singidani. Kila asubuhi mezani palikuwa na mkate wa siagi, tena mkate ambao hakuna aliyeupangia foleni kama miaka ile ya uhaba.

Jumapili, walipokuwa wakifunga mizigo ili wawahi basi la kurudi kwao Sepuka, Yunisi, mke wa Mathayo, alitoka chumbani akijishika kifundo cha mkono.

"Jamani, nani kaona saa yangu?"

Hakumtaja mtu, lakini uso wa Manase uliwaka. Wageni humo ndani walikuwa wao tu, watu wa shamba.

"Shemeji, hatuondoki hapa na doa," alisema. "Mizigo yote ifunguliwe."

"Kaka, acha mambo hayo," Mathayo alimsihi. "Itaonekana tu."

Manase hakusikia. Alimwaga begi lake mwenyewe sakafuni. Eliana naye akafungua furushi lake, macho chini. Bibi Damari peke yake hakusogea. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake wa ukindu.

"Huu wangu uache, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Nimesema uache."

Hapo ndipo Manase alipoamini, kwa kufumba na kufumbua, kwamba mama yake ni mwizi. Aliushika mkoba, akauvuta. Mama akang'ang'ania kidogo, kisha akaachia. Manase akaugeuza juu chini mbele ya watu wote.

Kikaanguka kitenge kilichofungwa fundo. Fundo likafunguka, na vipande vya mkate vikatawanyika sakafuni, vingine vimekauka kingo, siagi imeshika nyuzi za kitenge. Pamoja navyo kulikuwa na mnofu wa nyama ndani ya karatasi. Saa haikuwamo.

Bibi Damari alipiga magoti, akaanza kuviokota.

"Ni fungu langu," alisema taratibu. "Sikuchukua cha mtu. Mimi nilikunywa chai tupu. Nilisema watoto huko nyumbani nao waonje."

Yunisi alikimbilia uani huku analia, na punde akarudi na saa mkononi. Alikuwa ameivua alipokanda unga wa chapati, akaisahau nyuma ya beseni.

"Mama, nisamehe," alisema, akapiga magoti kusaidia kuokota. Mathayo alitoka mbio, akarudi na mikate mitatu mizima. Bibi Damari aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipanga mkobani juu ya vile vipande vyake. Hakuacha hata kimoja. Manase alikuwa bado amesimama palepale, mikono haijui pa kwenda.

Ndani ya basi aliketi karibu na mama yake. Mara tatu alifungua mdomo.

"Mama, pale nyumbani kwa Mathayo…"

"Huu mtama wa watu wa huku umestawi," mama alisema, akiangalia dirishani. "Sijui wetu ndege wameubakiza?"

Walipofika, watoto walimkimbilia bibi yao. "Shikamoo bibi! Umetuletea nini?"

Bibi Damari alifungua mkoba. "Baba yenu kawaletea mkate," alisema. "Mshukuruni."

"Asante, baba!"

Manase alitamani ardhi ipasuke. "Si mimi," alisema. "Ni bibi yenu. Alijinyima yeye."

Kefa, mtoto wa mwisho, aligeuza kipande mkononi. "Mbona kina mchanga?"

Eliana alimtazama mumewe. Bibi Damari alikichukua kile kipande, akakipuliza, akamrudishia mtoto.

"Kula, mjukuu wangu."

Manase alitoka nje kuwapa mbuzi maji, ingawa walikuwa wameshanyweshwa.