Polka ya Kungojea Pasaka

Mzee Clarence Glodowski alipiga konsetina, kinanda kidogo cha mkono, kwenye televisheni kwa miaka mingi, na hakuwahi hata mara moja kujiona akiipiga. Sababu yake ilikuwa rahisi. Kipindi cha muziki wa dansi wa polka kilirushwa moja kwa moja kila Jumapili adhuhuri kutoka ukumbi wa dansi nje ya mji, na watu walipokuwa nyumbani wakitazama, yeye alikuwa jukwaani, chombo kikiwa magotini, mivukuto yake ikifunguka na kujifunga. Marudio yalionyeshwa Kwaresima tu, wakati ukumbi umefungwa. Na Kwaresima, Mzee Clarence hakutazama polka, hakusikiliza polka, wala hakumruhusu mtu kupiga mluzi wa polka jikoni kwake. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, na mama yake ndivyo alivyolelewa Poland. Marehemu mkewe, Leona, alikuwa kila mwaka akisema watarekodi marudio na kuyatazama baada ya Pasaka, lakini hakuna aliyejua kuitega mashine yao ya video, na saa yake ilipepesa sifuri tangu siku ilipotolewa kwenye boksi hadi siku ilipotupwa.

Majira yale ya baridi, kituo kilitangaza kwamba kipindi kinafungwa. Marudio ya Kwaresima ndiyo yangekuwa ya mwisho, kisha kanda za zamani zingetupwa. Mtangazaji mwenyewe alimpigia simu Mzee Clarence: Jumapili ya nne wangeonyesha kanda ya zamani sana, ya wakati bendi ilipokuwa kamili na Leona bado anacheza.

Binti yake, Roxanne, aliposikia hivyo alisema neno moja tu.

"Mwaka huu utajiona, baba."

Roxanne alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha karatasi. Hakuna aliyemfundisha kompyuta. Alianza na moja iliyotupwa na ofisi ya kiwanda, akaifungua, akaiangalia mpaka akaielewa, na tangu hapo akawa anasoma usiku na kujaribu mwisho wa juma. Sasa alitaka kuunda ya kurekodi televisheni. Vipande vilikuwa vimetandazwa juu ya meza yake ya chakula, kila kimoja juu ya gazeti lake: bodi kuu, diski mbili, feni kubwa isiyopiga kelele, na kadi ya kunasa mawimbi ya antena.

Mdogo wake, Duane, yeye alinunua mashine iliyo tayari kutoka duka kubwa la Wausau. Habari hiyo aliitoa Ijumaa, kwenye samaki wa kukaanga, pale klabu wanapokula kila wiki Kwaresima nzima na karibu kila wiki nyingine ya mwaka. Walikuwa watatu mezani, baba akiwa kati na mkate wake wa shayiri nyeusi.

"Nimeitoa kwenye boksi, nimechomeka waya wa kebo, nimekaa," Duane alisema. "Chai haijapoa, tayari inarekodi. Wewe dada bado unapanga vyuma kama fundi wa baiskeli."

"Napanga," Roxanne alikubali.

"Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye feni."

"Baba, umesikia? Amefika kwenye feni. Pasaka ya mwaka gani, dada?"

"Hii hii. Nipitishie limau."

Mzee Clarence alicheka huku akitoa mwiba mdomoni. "Ya Duane inafanyaje kazi?"

"Unaiambia jina la kipindi, baba, basi. Yenyewe inatafuta kwenye ratiba, yenyewe inarekodi. Ikijaa, yenyewe inafuta vya zamani kupisha vipya. Wewe huna kazi."

Roxanne aliweka uma chini. "Hapo pa kufuta, kuna mahali kwenye menyu unaweza kuiambia isifute mpaka uamue wewe. Jumapili ile ikishapita, ingia uiambie."

"Nitaiambia."

"Iambie siku ile ile. Kwaresima ni ndefu."

"Dada, nina mashine mpya, sina mtoto mchanga."

Roxanne alichukua tena uma wake. Hakuona kwamba mashine ya Duane ni mbaya. Alisoma habari zake kwenye mtandao na aliona imeundwa vizuri na watu wanaojua kazi. Ila iliundwa kwa mtu anayerekodi leo na kutazama kesho. Walioiunda hawakumfikiria mtu anayerekodi Machi kitu asichoruhusiwa kukitazama mpaka Pasaka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfikiria.

Yeye alimfikiria. Alipomaliza kufunga feni, aliiwasha mashine yake, ikagoma. Akatoa kadi ya kumbukumbu, akairudisha, ikawaka. Akaijaribu kwa taarifa ya habari, akaijaribu kwa misa ya wagonjwa inayorushwa Jumapili asubuhi. Akachomoa waya wa umeme ukutani katikati ya kurekodi, akauchomeka tena, akakaa kitini kuona kama itaamka yenyewe na kuendelea. Iliamka. Diski moja ilirekodi, na ya pili ilipokea nakala ya kila kilichokwisha kurekodiwa. Na hapakuwa na amri hata moja ndani yake ya kufuta kitu bila mkono wa mtu. Kulala alilala vizuri.

Jumapili ya nne kulivuma upepo. Wote wawili walirekodi, kila mtu kwake, na jioni Duane alikuja kwa dada yake kulinganisha, kwa kuwa asingeweza kukaa bila kulinganisha. Roxanne alimwonyesha dakika chache, sauti ikiwa imezimwa kwa heshima ya baba, ambaye hata hivyo alikuwa kwake amelala. Picha ilikuwa nzuri. Kisha upepo uliotikisa antena ukaonekana: uso wa mpiga ngoma ukakatika vipande vya mraba kama vigae, ukakaa hivyo kidogo, ukarudi.

"Ala," Duane alisema. "Huyo ni Stas au ni sakafu ya bafu?"

"Ni upepo."

"Yangu haina upepo. Yangu imenyooka mwanzo mwisho, unahesabu mpaka vifungo vya konsetina. Na televisheni yangu unajua ilivyo kubwa." Alisimama akavaa koti. "Nimeshaongea na mzee. Pasaka tunatazamia kwangu."

"Amekubali?"

"Amesema ataenda penye picha safi. Usikasirike."

"Sijakasirika. Ni kweli yako ni safi zaidi. Umeiambia isifute?"

"Wee Roxanne."

"Nauliza tu."

"Kesho."

Alipoondoka, Roxanne alipanda juu ya paa na spana, akakaza nati zote za antena, ingawa kwa kipindi hicho kilichopita haikuwa na maana tena. Kisha akatoa nakala ya kipindi kwenye diski ya DVD, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, akaiweka kabatini kati ya sahani nzuri. Kama baba angetazamia kwa Duane, basi, angetazama. Alichotaka ni baba ajione. Nyumba ya nani halikuwa jambo kubwa, ingawa lilimuuma kidogo, na aliliacha limuume mpaka likachoka.

Ijumaa Kuu mchana, Duane aligonga mlango. Hakupiga simu kwanza kama kawaida yake. Alikuwa na kofia mkononi.

"Una kazi?"

"Namenya mayai. Ingia."

Aliingia akakaa, akachukua yai moja, akalizungusha mezani.

"Mpira wa kikapu," alisema.

Roxanne aliendelea kumenya.

"Yale mashindano ya vyuo. Nilisema inirekodie mechi zote, maana niko kazini. Unajua ziko ngapi? Mimi sikujua ziko ngapi. Zimeingia moja baada ya nyingine, zikajaa. Leo nimefungua nihakikishe mambo ya Jumapili, nikatafuta jina. Hakuna." Aliweka yai chini. "Nimeshuka chini ya orodha, nimepanda juu. Kuna timu ambazo sijawahi hata kuzisikia, dada. Zimekaa hapo zimenona. Polka hakuna."

"Umezima na kuwasha?"

"Nimezima, nimewasha, nimepiga simu kwa kampuni. Msichana wa simu ana adabu sana. Ananiambia mashine imefanya kazi yake ilivyopaswa."

"Imefanya."

"Najua imefanya. Ndiyo inayoniudhi." Alimtazama dada yake usoni, akingoja. Lile "nilikuambia" alilokuwa akilingoja halikuja. Roxanne alisuuza mikono, akaifuta kwa taulo.

"Baba amejua?"

"Nimetoka kwake. Nimemwambia mwenyewe, kabla sijaja huku."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Basi.' Basi tu. Akaenda kuangalia jiko wakati hakuna kitu jikoni." Duane alikwaruza kofia kwa ukucha. "Ile yako ya vigae bado ipo?"

"Ipo. Na nakala ipo, na nakala nyingine iko kati ya sahani."

"Kati ya sahani."

"Kabatini."

Duane alipumua kwa muda mrefu, kisha akacheka taratibu, akavuta bakuli la mayai karibu yake na kuanza kumenya naye.

Siku ya Pasaka, baada ya misa, Mzee Clarence aliketi kwenye kiti cha mbele nyumbani kwa Roxanne, tai bado shingoni. Nyama ya nguruwe ilikuwa kwenye oveni, mwanakondoo wa Pasaka aliyefinyangwa kwa siagi ameshakatwa kichwa na Duane kabla ya wakati. Roxanne aliwasha. Ukumbi ukaonekana, taa zake za njano, bendi nzima kwenye mashati mekundu, na katikati yao mwanamume mwenye nywele nyeusi, konsetina magotini, macho kwenye vidole vyake.

Mzee Clarence alitazama wimbo wa kwanza wote. Wa pili ulipoanza, aliegemea mbele.

"Nakimbiza mdundo," alisema. "Sikilizeni hapo. Stas alikuwa akiniambia nakimbiza, nikawa namwona mwongo."

"Unapiga vizuri, baba," Duane alisema.

"Napiga vizuri. Na nakimbiza."

Vigae vilipita juu ya jukwaa, vikatoka. Kisha kamera ikaacha bendi ikaenda sakafuni kwa wachezaji. Wanandoa walizunguka, walizunguka, na kati yao Leona, akiwa amevaa gauni la maua, akicheza na shemeji yake. Alizunguka kama wengine, lakini kila mwili wake ulipogeuka, kichwa kilibaki nyuma kidogo, uso umeelekea upande mmoja, kisha kikafuata haraka ili kiwahi kuelekea tena upande ule ule. Alikuwa akitabasamu kwa kitu kilicho nje ya picha.

"Anaangalia nini?" Mzee Clarence aliuliza.

Roxanne aliijua ile sehemu. Alikuwa ameshaiona peke yake, bila sauti, zaidi ya mara moja.

"Jukwaa liko upande huo, baba. Anakuangalia wewe."

Kamera ikarudi kwa bendi, kwa yule mwanamume aliyeinamia vidole vyake.

"Mimi nilikuwa naangalia vifungo," mzee alisema. "Wakati wote nilikuwa naangalia vifungo."

"Nyama itaungua," Duane alisema kwa sauti ya chini, akaenda jikoni ili kumpisha mzee.

"Rudisha hapo kwa mama yako," Mzee Clarence alisema.

Roxanne alirudisha. Leona akazunguka tena, kichwa nyuma, kichwa mbele. Sehemu hiyo ilipofika mwisho, mzee alinyoosha mkono, vidole vyake vilivyovimba viungoni vikiwa wazi.

"Nipe hiyo rimoti. Kitufe cha kurudisha ni kipi?"

Roxanne akamwonyesha. Mzee akakibonyeza mwenyewe.